Miguu ya Alhamisi Kuu

Karugendo alikuwa baba yangu mzazi, kwa hiyo nikimsema humu asije mtu kunifundisha adabu. Sehemu kubwa ya habari hii alinipa mwenyewe, alipokuwa mzee anakaa kwangu Nshambya na hana tena cheo cha kulinda. Iliyobaki nilipewa na mama, ambaye hakuwa na desturi ya kumsitiri mtu, hata mumewe. Lakini habari si yao. Ni ya Jovita Kokuberwa, mwanamke aliyetoa funza wa nusu ya watu wa Kagoma, na nusu hiyo hiyo ilipokutana naye njiani mchana iligeuka kutazama migomba.

Funza inabidi niwaeleze, maana wako wasomaji waliozaliwa juu ya saruji. Ni mdudu mdogo kuliko kiroboto. Anakaa kwenye vumbi, anaingia chini ya ukucha au kwenye kisigino, anatulia humo na kunenepa kwa mayai mpaka anakuwa kama punje nyeupe ya mtama. Akiwahiwa ni kazi ya pini tu, na hakuna mama wa Kihaya asiyejua kumtoa mwanawe funza. Shida ilikuwa kwa wakubwa. Mtu mzima mwenye heshima zake hana funza, na hata akiwa nao, hana. Atachechemea na kusema amejikwaa. Atavaa viatu siku ya soko. Mguu hampi mkewe autazame, kwa kuwa anaogopa kesho utajulikana kisima kizima. Basi mdudu anazaa, na wenzake wanazaa, na siku bwana mkubwa anaposhindwa kukanyaga ndipo anapoikumbuka njia ya kwa Jovita.

Jovita aliolewa upande wa Ihangiro kabla ya vita vya pili vya dunia, akakaa huko bila kupata mtoto, akarudishwa kwao. Kwetu mwanamke aliyerudi hakosi pa kulala. Kaka yake, Mwijage, alimjengea kibanda mwisho kabisa wa kibanja, shamba lake la kuzunguka nyumba, pale migomba inapokoma na kuanza rweya, yaani ile mbuga ya nyasi isiyo ya mtu. Alikula, alivaa, hakuna aliyemtukana. Ila wake za watu hawakumtuma mtoto kwake kuomba moto wala chumvi, na hapo ndipo unapojua kama mtu ana jirani au hana.

Mwaka mmoja, siku ya Alhamisi Kuu, alikaa nyuma kanisani akamtazama padri Mzungu, mzee wa ndevu, akipiga magoti na beseni mbele ya wanaume kumi na wawili. Kisha padri akahubiri kwa Kihaya chake cha kuokoteza kwamba Bwana aliwaosha wanafunzi wake miguu, na aliye wake na afanye vivyo hivyo. Wengine waliyachukua kama mahubiri ya siku hiyo, wakaenda zao kula. Jovita aliyachukua kama mtu aliyepewa kazi. Njiani alimkuta bibi mmoja mjane akijikokota kwa visigino, vidole vimeinuliwa juu visiguse chini. Akamketisha kwenye gogo, akaenda kuleta maji ya moto.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi ile. Kwanza aliloweka mguu katika maji ya vuguvugu yenye chumvi, kwa muda wa kusali fungu moja la rozari, na mwenye mguu alitakiwa asali pamoja naye, awe Mkatoliki au asiwe. Kisha aliupakata mapajani, juu ya kanga yake mwenyewe, akazungusha ncha ya pini pembeni mwa mdudu taratibu, bila kumpasua, maana akipasuka kidonda kinavimba. Akitoka mzima alitupwa kwenye makaa. Akisikika analia pa! Jovita anasema, "Huyo." Mwisho alipaka majivu na mafuta ya taa kidogo. Malipo hakutaka. Ukimletea ndizi alikuuliza kama kwako wameshiba.

Alichotaka kilikuwa kingine. Kila Jumamosi alikata nyasi mbichi na kuzitandaza sakafuni, kama ilivyo desturi ya nyumba inayongoja wageni. Alikuwa na kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, zile mgeni wetu anazopewa kabla hajaulizwa shida yake. Mgeni hakuja. Waliokuja walipita nyuma, katikati ya migomba, jua likishazama, wakaketi juu ya jiwe la kufulia, wakatoa miguu, wakarudi na njia ile ile. Kuonekana unatoka mlango wa mbele wa Jovita si ni kutangaza kwamba una funza? Nyasi zilikauka bila kukanyagwa, naye akazifagia na kukata nyingine.

Kanisani mambo yalikuwa hayo hayo. Ukikaa naye benchi moja na kumsalimia kwa furaha, watu wataangalia miguu yako. Kwa hiyo benchi la mwisho karibu na mlango likawa lake peke yake, na lilikuwa benchi refu. Wale wale aliowapakata jana yake walimpita wamevaa viatu, macho yameelekea altareni kwa uchaji mkubwa mno. Nikilifikiria jambo hilo ninapandwa na hasira mpaka leo, na baba yangu alikuwa mmoja wao.

Mtu mmoja tu aliukataa mchezo ule. Huyo ni Mzee Muharami, fundi cherehani, Mwislamu wa Bukoba mjini, ambaye siku za soko alikuwa akishonea kwenye baraza moja pale Kagoma. Mama alikuwa barazani anangoja gauni lake, kwa hiyo aliyaona yote. Soko limejaa, Muharami akamwita Jovita aliyekuwa akipita, akavua kiatu.

"Dada Jovita, hebu nitazame kidole hiki. Cherehani inanishinda kukanyaga."

"Hapa, mzee? Watu wanaona."

"Waone. Mguu wangu, funza wangu. Nimemwiba kwa mtu?"

Jovita akamtoa hapo hapo, watu wamezunguka wanacheka. Walipomaliza Muharami akamsogezea kigoda, akamtilia chai kwenye kikombe chake mwenyewe, akamuuliza kama hachoki.

"Kazi haijanichosha," Jovita alisema. "Ila Mungu kanipa miguu ya watu, nyuso kawapa wengine. Jioni ikifika natamani hata mtu wa kugombana naye."

Akaanza kulia, na Muharami akainama kutafuta uzi ambao haukuwa umepotea. Mwaka uliofuata uzee ulimchosha, akarudi mjini kukaa kwa mwanawe, mtaa wa Bakoba, na soko la Kagoma hakuja tena.

Uhuru ulipokuja watu walicheza ngoma pekupeku kwenye vumbi, na kwa majuma mengi baadaye Jovita hakupata nafasi ya kupumua. Yeye mwenyewe alichokipenda katika Uhuru ni neno "ndugu". Kijana mmoja wa chama, mgeni asiyejua mambo ya pale, alimpa mkono njia panda mbele ya watu na kusema, "Hujambo, ndugu." Jovita aliwasimulia hilo wote waliokuja kuketi jiweni, tena na tena. Walimsikiliza kwa adabu huku wakiangalia kama kuna mtu anakuja.

Msimu wake mkubwa ulikuwa Juma Kuu. Wanaume kumi na wawili wakishachaguliwa kuoshwa miguu na padri, heshima ambayo watu waliigombania chini kwa chini kuliko udiwani, kila mmoja alianza kuviwazia vidole vyake. Huwezi kumpelekea padri mguu wenye funza. Basi siku tatu za mwanzo za juma lile mitume walipishana kwenye migomba ya Jovita, kila mmoja akidhani ni yeye peke yake. Wengine walileta mguu wa kulia tu, kwa kuwa ndio utakaooshwa, na wa kushoto wakauacha ndani ya kiatu.

"Lete na huo," Jovita aliwaambia. "Nao Mungu kauumba."

Alhamisi padri alipiga magoti, akakuta miguu laini isiyo na doa, akaiosha, akaibusu. Jovita aliyaona yote kutoka benchi la mwisho. Mama anasema hata siku moja hakuonekana amekunja uso. Mimi siamini kwamba hakuumia, lakini sikuwapo.

Kisha ukaja ujamaa. Mkoa wetu ulikuwa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Mwijage alikuwa ameshafariki, na Projestus, mwanawe na mrithi wake, alitaka kupanda kahawa mpaka mwisho wa kibanja, pale kiliposimama kibanda. Hakuwa mkorofi. Alikwenda kwa shangazi yake na maneno matamu.

"Shenkazi," alimwambia, ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kihaya, "serikali inafungua kijiji huko rweyani. Nyumba zinapangwa kwa mistari, mlango kwa mlango. Kukaa peke yako huku chini kutakuua."

Projestus alikuwa anatafuta nafasi ya mibuni yake, lakini Jovita alisikia mlango kwa mlango. Alifunga mzigo siku hiyo hiyo. Mama anakumbuka alivyofika rweyani na mkeka kichwani, anatabasamu njia nzima mbele ya watu wasiomsalimia. Alikuwa mwanamke wa makamo aliyekwisha kuanza kuinama, na tangu aliporudi kutoka kwa mumewe hakuwa ameishi mahali pa kusikia jirani akimgombeza mtoto. Hicho ndicho alichokitaka kabla hajafa: nyumba yenye watu kulia na watu kushoto.

Kijiji kiliitwa Juhudi, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa baba yangu. Nusu ya wakazi walitoka Kagoma, vijana wasio na vibanja na wazee waliogombana na ndugu zao. Udongo wa rweya ni wa mchanga, migomba inadumaa, mbuzi walilala na watu, na vumbi lilikuwa jingi. Funza walifurahi. Lakini mwaka ule ndio redio ilikuwa ikihubiri afya asubuhi na jioni, na siku ya kugawa viwanja akaja bwana afya kutoka wilayani. Akasema kijiji cha ujamaa ni kijiji cha watu safi, na nyumba itakayokutwa na funza itatangazwa mkutanoni. Akauliza kama kuna mwenye funza. Mkutano mzima ulifukia vidole mchangani, na bwana afya akawapongeza.

Alipoondoka, baba akaanza kugawa viwanja. Ilipofika zamu ya Jovita, akasimama Clotilda, kiongozi wa akina mama wa chama.

"Ndugu mwenyekiti, sina ubaya na Mama Jovita," alisema. "Ila kila anapokaa yeye, funza wapo. Pale kibandani kwake Kagoma walikuwapo, hata watoto wanajua. Leo tumweke katikati ya nyumba zetu?"

Ni kweli walikuwapo. Walifika pale ndani ya visigino vya waume za watu, na vya Clotilda mwenyewe. Lakini baadhi ya watu waliamini kabisa kwamba Jovita anawafuga na kuwamwaga njiani ili asikose wa kumtembelea. Mkutano ukaguna kwa kukubali. Baba akanyoosha mkono watulie.

"Yupo anayemjua Mama Jovita vizuri, amsemee?"

Swali hilo lilikuwa la woga, na baba alilijua wakati analiuliza. Kumsemea Jovita ni kusimama mbele ya kijiji na kusema, mimi nimeupeleka mguu wangu kwake. Kisigino cha baba mwenyewe cha kushoto kilikuwa kimetobolewa na pini ya Jovita juma lile, na ndani ya kiatu alikuwa na kitambaa. Hakuna aliyeinua mkono. Jovita akasimama, akawatazama watu mmoja mmoja, na baba anasema jasho lilimtoka mgongoni, kwa sababu mama yule angeweza kumtaja kila mtu, mguu na kidole.

"Nilitaka kukaa karibu na watu," Jovita alisema. "Ni hilo tu, waitu, ndugu zangu. Lakini kama mnawaogopea watoto, niwekeni mtakapopenda."

Wakamweka ng'ambo ya korongo. Si mbali, mtu angefika kabla kaa la moto halijapoa mkononi mwa mtoto aliyetumwa moto, ila hakuna aliyemtuma. Kutoka kwake aliwasikia watu wakiongea bila kusikia wanasema nini. Na mwezi haujaisha, njia ikawa imechimbika upande wa nyuma wa nyumba yake.

Baba alikuwa miongoni mwa walioichimba. Jioni moja, mguu wake uko mapajani mwa Jovita, akamuuliza mbona siku ile mkutanoni hakusema.

"Ningesema nini, Mwenyekiti?"

"Kwamba sisi wote..."

"Mguu unaoletwa kwangu ni kama dhambi anayopelekewa padri. Hautoki nje." Kisha akampaka majivu na kusema, kwa sauti ya kujaribu tu, "Nina kahawa za kutafuna ndani. Ungeingia ukakaa kidogo."

Baba akasema ana kikao. Hakuwa na kikao chochote. Aliniambia hivyo mwenyewe miaka mingi baadaye, nami nilinyanyuka nikaenda jikoni nisije nikamjibu vibaya.

Mwaka ule kabla ya vita ya Kagera, mtoto wa jicho alimfunika Jovita macho yote mawili. Aliona mwanga wa mlango na kivuli cha mtu, basi. Nyumba yake ikawa na vumbi asiloliona, na funza wakamwingia yeye. Alijipapasa akatoa aliowaweza, waliobaki wakazama. Miaka yote hiyo alikuwa anashika miguu ya watu, na hakujua amwombe nani ashike wake. Ningependa kusema kwamba alikuwa mnyenyekevu tu, lakini nadhani alikuwa na aibu kama sisi wengine. Kukanyaga kukawa shida, kanisani akaacha kwenda. Waliogundua kwamba hayupo, kama walikuwapo, walidhani amekwenda kwa Projestus.

Juma Kuu likafika. Baba alikuwa amechaguliwa kuwa mmoja wa wale kumi na wawili, akapita nyuma jioni kama kawaida.

"Sioni tena, Mwenyekiti," Jovita alimwambia. "Nimewaambia na wenzako."

Wenzake akina nani, baba hakuuliza. Akamwomba ajaribu kwa kupapasa. Jovita akajaribu, pini ikateleza ikachoma nyama, baba akauvuta mguu.

"Unaniumiza!"

"Nisamehe, mwanangu. Mikono ipo, macho ndiyo yameniacha."

Alikuwa ameikunja miguu yake mwenyewe chini ya kanga. Baba angetazama chini kidogo angeona, lakini alikuwa anatazama kidole chake kinavyotoka damu. Akaaga, akaenda kujipaka mafuta ya taa nyumbani, amejifungia chumbani mama asimwone. Mama alinusa hata hivyo.

Padri Aristides, paroko wetu, alikuwa akija kuadhimisha Alhamisi Kuu kwenye kigango chetu alasiri, kisha anapanda pikipiki kuwahi Misa ya jioni parokiani. Alikuwa Mhaya wa Kiziba, mtu mpole, na alikuwa ametuhudumia miaka kadhaa. Wanaume kumi na wawili waliketi mbele kwenye benchi moja refu, wamevua kiatu cha kulia. Baba alikuwa wa mwisho. Aliviinamia vidole vyake, akamwomba Mungu padri asivione, na alimwonea wivu kila aliyekuwa kabla yake kwa sababu alidhani wao ni wasafi.

Wa kwanza alikuwa katekista, Mzee Kamugisha. Padri alimimina maji, akaushika mguu, akasita. Akauosha polepole zaidi ya ilivyo kawaida, akaubusu, akasogea. Kwa wa pili akasita tena. Kwa wa tatu tena. Ndipo baba alipoinua macho na kuitazama safu nzima ya miguu: yote imekunja vidole, yote imepakwa majivu na mafuta ya taa, na harufu yake ilikuwa imefika mpaka kwa waimbaji. Hakuna aliyekuwa mzima. Maji ya beseni yalikuwa ya kijivu padri alipopiga magoti mbele ya baba.

"Mwenyekiti," alisema chini chini, lakini kanisa lilikuwa kimya na watu walisikia. "Mwaka jana miguu ya hapa ilikuwa kama ya watoto wachanga. Kijijini kumetokea nini?"

"Jovita haoni tena, Padri."

"Jovita yupi?"

Baba aliniambia kwamba katika maisha yake amekemewa na wakuu wa wilaya, amewekwa ndani siku mbili kwa ajili ya pamba ambayo haikuota, na hakuna lililomuumiza kama swali lile. Kanisa zima lilijua ni Jovita yupi, isipokuwa padri aliyekuwa ameibusu kazi yake kila mwaka. Baba akageuka ili amwonyeshe kwa kidole kwenye benchi la mwisho karibu na mlango. Benchi lilikuwa tupu, naye hakujua ni tangu lini.

Padri akamfuta mguu, akaubusu, akarudi altareni. Baba hakungoja. Alitoka katikati ya Misa, kiatu kimoja mguuni na kimoja mkononi, Clotilda akadhani ameshikwa na tumbo. Alishuka korongoni akapanda ng'ambo, na mara ya kwanza tangu nyumba ile ijengwe akausogelea mlango wa mbele. Jua lilikuwa bado juu. Mlango ulikuwa wazi, ndani kumetandazwa nyasi, nyingine mbichi na nyingine kavu, zimewekwa ovyo na mtu asiyeona.

"Hodi."

"Zunguka nyuma, waitu," Jovita alijibu kutoka ndani. "Huko mbele watakuona."

"Ni mimi, Karugendo."

"Nimekujua kwa kuchechemea kwako, ndiyo maana nakuambia uzunguke. Watu wanakaribia kutoka kanisani. Nawe una cheo."

Baba akaingia, akaketi juu ya nyasi, akamwambia ampe mguu. Jovita hakuelewa. Akamwambia tena kwamba kazi haiwezi, kwamba angemtafuta mtoto mwenye macho mazuri. Baba akavuta ile kanga mwenyewe. Hakunieleza alichokiona, alisema tu kwamba alihitaji muda kabla hajaweza kushika pini. Maji aliyachota mtungini, hakukumbuka chumvi wala kuyapasha moto. Akaupakata mguu ule kwenye suruali yake ya Alhamisi Kuu na kuanza, na wa kwanza akampasua.

"Usimchimbe," Jovita alimwambia. "Mzunguke. Una haraka ya nini?"

Akaendelea. Jovita alilia wakati wote huo, na si kwa maumivu, maana alipoulizwa kama anaumizwa alitikisa kichwa. Kisha akanyoosha mkono akapapasa mpaka akaupata mkono wa baba.

"Karugendo, usimwambie mtu kwamba ninao."

"Sitamwambia mtu."

Baba aliyasema hayo akiwa ameelekea mlangoni, Jovita ameupa mlango mgongo, na uwanja wote ulikuwa umejaa. Misa ilikuwa imekwisha. Walikuwa wameuona mlango wa Jovita uko wazi na mwenyekiti yuko ndani, wakavuka korongo, katekista, Clotilda, na waliooshwa miguu wengi wao. Walisimama wakaona kila kitu. Mama alikuwa mstari wa mbele. Aliniambia alitaka kubisha hodi, mdomo ukafunguka, akakumbuka kwamba hajawahi kumwita mama yule kwa jina lolote, akaufunga.

Waliyasikia maneno ya Jovita kwamba asiambiwe mtu. Basi wakageuka mmoja mmoja, wakashika watoto mkono wasipige kelele, wakaondoka wakinyata mpaka wakavuka korongo. Walidhani wanamsitiri. Jovita akabaki pale akimshukuru baba yangu kwa kuja, na kumwomba asichelewe, maana watu wangeweza kupita.